Ukuta Peke Yake Si Jumba

Benki Kuu ya Uingereza iliasisiwa mwaka 1694, na mwaka 1734 ikahamia mtaa wa Threadneedle, London. Kuanzia 1788 hadi 1833 msanifu wake alikuwa John Soane. Yeye alilizungushia jumba ukuta usio na madirisha, kwa usalama wa hazina, na kumbi za ndani akazipatia nuru kutoka juu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi za Benki zilizidi, nafasi ikawa finyu. Basi kati ya 1925 na 1939, kwa ramani za Herbert Baker, karibu kumbi zote hizo zilibomolewa zikajengwa ghorofa mpya. Ukuta ukaachwa. Mpita njia angali akiuona, lakini kumbi za Soane hatazikuta.

Nasi Unguja tunao Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nyumba zake kadhaa zimegeuzwa hoteli. Haitoshi kuuhifadhi mlango wa nakshi ilhali ua, boriti na kuta za ndani zimeng'olewa. Wakuu wanaotoa vibali vya ujenzi na wakague ndani kabla ya kutia saini. Uso uliosalia haurudishi nyumba iliyobomolewa.