Namna ya Kupima Miti Kabla ya Kuiuza

Watu wa Masisi hupanda mikaratusi, na watu wa machimbo huja kuinunua kwa nguzo za mashimo na kwa makala. Wengi hukadiria kwa macho tu. Wengine huja na kamba. Hapo ndipo mwenye miti aangalie sana, maana kamba ni moja lakini hesabu si moja.

Tuseme gogo lina urefu wa meta 5. Zungusha kamba katikati yake: mzingo ni sentimeta 120, yaani meta 1.2. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, ukagawanye kwa 12.57. Utapata meta za ujazo 0.57. Njia ya pili ni ya Waingereza wa zamani: kamba hukunjwa mara nne, robo huzidishwa kwa robo, kisha kwa urefu. Hapo utapata 0.45 tu. Gogo ni lile lile, wala halikupungua! Njia hii huacha zaidi ya sehemu moja katika tano, kwa ajili ya mabaki ya kuchonga mbao. Kwa mbao yaweza kufaa. Kwa makala haifai, kwa kuwa mabaki nayo huchomwa. Tena mtu akifunga kamba kwenye ncha nyembamba, penye sentimeta 90, atapata 0.32. Mkatalie.

Mti uliosimama hupimwa mzingo kwa kimo cha meta 1.30. Kujua urefu wake, shika wima fimbo iliyo sawa na umbali wa jicho hadi ngumi, urudi nyuma mpaka fimbo ilingane na mti wote. Kutoka hapo mpaka shina ndio urefu. Mlimani, simama usawa wa shina, si chini yake. Ukiisha hesabu, chukua nusu au pungufu kidogo, kwani mti huchongoka.

Msitu wa Walikale ni jambo jingine. Miti yenye mizizi mipana kama kuta hupimwa juu ya mizizi hiyo. Nani awezaye kuhesabu yote? Pima vipande vya meta 20 kwa 50, kila kimoja sehemu ya kumi ya hekta. Hesabu miti yake, uzidishe kwa kumi. Usichague mahali pazuri. Fuata mstari ulionyooka. Vipande viwe vingi, maana mti mmoja mkubwa katika kipande kimoja hudanganya.

Mwaka 1948 Bitterlich wa Austria alitangaza njia nyepesi: fimbo ya meta 1 yenye kibao cha sentimeta 2 mwishoni. Zunguka pale pale ukihesabu kila shina linaloonekana pana kuliko kibao. Kila moja ni meta 1 ya mraba ya mashina katika hekta. Kwa mikaratusi hufaa sana, lakini penye msitu mnene mashina hufichana, na vipande ndivyo bora.