Diski za Seva: Usinunue Ukubwa Peke Yake

Chama cha akiba na mikopo kinaponunua seva ya kutunzia kanzidata ya wanachama, jambo la kwanza kuonekana kwenye ankara ya kifani ni jumla ya terabaiti. Mnunuzi hulinganisha wauzaji kwa namba hiyo, akachagua iliyo kubwa kwa bei ndogo. Kwa mashine ya kuhifadhi picha, hapana ubaya. Kwa kanzidata inayopokea miamala mchana kutwa, namba hiyo hupotosha.

Chukua diski nne za kuzunguka, kila moja ya terabaiti 4. Zikipangwa kwa mtindo wa RAID 5, nafasi ya kutumia ni terabaiti 12. Kwa RAID 10 ni 8 tu, kwa kuwa kila taarifa huandikwa kwenye diski mbili pacha. RAID 5 yaonekana nafuu. Hata hivyo, katika mtindo huo badiliko dogo la salio la mwanachama mmoja hudai kazi nne za diski: kusoma taarifa ya zamani, kusoma hesabu ya kinga inayoambatana nayo, kisha kuziandika zote mbili upya. RAID 10 hudai kazi mbili. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika humudu takriban kazi 80 za namna hiyo kwa sekunde. Diski nne, 320. Kwa RAID 5 hupatikana mabadiliko 80 kwa sekunde, kwa RAID 10 hupatikana 160. Foleni ya mwisho wa mwezi yaweza kuanzia hapo, ingawa lawama humwangukia karani wa dirishani.

Diski moja ikifa, RAID 5 hulazimika kusoma zote zilizobaki, pengine kwa saa nyingi, ili kuijaza ile mpya. Ikifa ya pili kabla ya kazi kwisha, kanzidata imepotea. Katika RAID 10 husomwa pacha wake tu, na ni kifo cha pacha huyo pekee kiletacho maafa.

Kwa ofisi ndogo, ushauri wetu ni mwepesi zaidi: diski mbili za SSD, zisizo na sehemu inayozunguka, zipangwe pacha kwa RAID 1. Hizo humudu maelfu ya kazi kwa sekunde. Ziwe zilizotengenezwa kwa ajili ya seva, zenye kinga ya kukatika kwa umeme.

Kabla ya kulipa, mtake muuzaji aandike kwenye ankara jina la mpangilio, nafasi halisi ya kutumia, na siku atakazochukua kuleta diski mbadala. Ulizia pia nakala rudufu, kwani hakuna mpangilio wa diski unaochukua nafasi yake: rekodi iliyofutwa kwa makosa hufutika kwenye pacha zote mbili papo hapo. Nakala hiyo itunzwe nje ya jengo, na fundi airejeshe mbele yako walau mara moja kabla hujatia saini ya kupokea mashine.