Mkanda wa taimingi ukikatika, usikimbilie kununua mwingine

Gari la zamani likizima ghafla na kukataa kuwaka, mafundi wengi hufungua, huona mkanda wa taimingi umekatika, na mzazi huambiwa alete hela ya mpya. Lakini mkanda huo unaweza kuwa umekatika kwa sababu kamshafti imejamu. Hapo mkanda mpya nao utakatika, na hela ya ada itakuwa imepotea.

Kamshafti ni chuma kirefu kilicho juu ya injini nyingi, kinachofungua valvu za kuingiza hewa na kutoa moshi. Huzungushwa na mkanda au cheni, na hutegemea oili. Oili ikipungua, au ikikaa muda mrefu hadi kuwa tope jeusi linaloziba njia zake, chuma husuguana na chuma, hupata moto na kushikana. Injini kuchemka sana pia huweza kupinda silinda hedi na kuibana kamshafti.

Kabla ya kulipa, mwombe fundi mambo matatu:

Kwanza, aache kupiga stata na apime oili.

Pili, akuonyeshe mkanda. Meno yakiwa yamenyofoka sehemu moja tu, huenda kuna kitu kiligoma kuzunguka.

Tatu, mkanda ukiwa umetolewa na pistoni zimeshushwa kutoka juu, azungushe kamshafti taratibu kwa spana. Iliyo nzima hukaza kidogo kwa sababu ya springi za valvu, kisha huachia. Iliyojamu haisogei. Asiilazimishe, afungue kifuniko cha juu atafute mikwaruzo na alama za kuungua.

Ikithibitika imejamu, valvu nazo zikaguliwe, kwani katika injini nyingi hugongana na pistoni na kupinda. Ndipo familia iamue: kutengeneza hedi, kutafuta iliyotumika, au kuachana na gari hilo.

Injini ikizima mkiwa barabarani, usukani huwa mzito na breki ngumu. Kanyaga kwa nguvu, sogea pembeni, na uwateremshe watoto upande usiopita magari.

Pima oili kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa. Taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, simama pembeni na uzime injini papo hapo, hata kama shule imebaki mita chache.