Dhana ya 'Kugawanyika' katika Maelezo ya Kiinitete

Katika matumizi ya kawaida, kinachogawanyika hupungua: watu wawili wakigawana mkate, kila mmoja hupata nusu. Makala haya yanaonyesha kuwa maana hiyo huafiki sehemu tu ya tukio la kibiolojia. Zigoti ya binadamu hugawanyika kuwa seli 2, 4, kisha 8, bila kiinitete chenyewe kuongezeka ukubwa. Saitoplazimu, kwa hiyo, hugawanywa mithili ya mkate. Kromosomu, kinyume chake, hunakiliwa kwanza, na kila seli hupata 46. Mwanafunzi anayejibu 23 huwa amechanganya mitosisi na meiosisi. Huenda kosa hilo latokana na neno lenyewe, si uzembe. Yafaa, basi, mwalimu atangulize 'kunakiliwa' kabla ya 'kugawanyika'.