Je, Wajua? Kamera haichoki, macho huchoka

Mwaka 1948 Norman Mackworth, mtafiti wa Cambridge, Uingereza, alichapisha majaribio yaliyotokana na kazi ya waangalizi wa rada. Aliwakalisha watu mbele ya mshale unaozunguka kwa hatua, wabonyeze kitufe kila unaporuka hatua mbili kwa mpigo. Saa mbili nzima! Kumbe nusu saa tu ilitosha wakaanza kupitwa na miruko mingi zaidi.

Mtazamaji wa kamera za CCTV anakabiliwa na uchovu huohuo, ndiyo maana anahitaji zamu fupi mbele ya skrini. Huelekeza kamera, huwaongoza walinzi kwa redio, na huandika daftarini alichokiona, si alichodhani. Rekodi ikifika mahakamani na saa ya mashine ya kurekodi imepotea dakika chache, wakili wa utetezi amepata pa kushika.

Na staha je? Kuvinjari madirisha ya watu si doria. Mwaka 2006, mahakama ya Liverpool iliwafunga jela waendesha kamera wawili wa halmashauri waliomchungulia mwanamke nyumbani kwake.