Mrudishie Nyoka Majira Yake

Nyoka wa mahindi, kama Wamarekani wanavyomwita, ni mla panya wa misitu ya misonobari na mashamba ya kusini-mashariki mwa nchi hiyo. Hana sumu, huyabana mawindo mpaka yakate roho. Ni mpole na hula vizuri, ndiyo maana hufugwa sana kuliko jamaa zake.

Mwaka 1953 lilikamatwa North Carolina dume lisilo na weusi mwilini. Daktari wa ngozi, H. Bernard Bechtel, alilizalisha, na kufikia 1961 watoto wa rangi hiyo walikuwa wameanguliwa kizuizini. Tangu hapo wafugaji wamekimbilia rangi. Mimi bado namwona mzuri zaidi yule wa asili, mwenye mabaka mekundu yaliyozungushiwa weusi.

Kazi ya kuwazalisha huanzia kwenye baridi. Mfugaji hukatiza chakula wiki mbili hivi kabla, tumbo liwe tupu, kwa sababu nyoka husaga mlo kwa joto la nje. Panya akibaki tumboni huoza humo humo na anaweza kumuua. Kisha joto hushushwa kufikia nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi kwa miezi miwili au zaidi, gizani, maji yasikosekane. Wapo wanaoiruka hatua hii na bado wakapata mayai. Hata hivyo, baridi ndiyo inayowaweka dume na jike katika majira mamoja, na humpa jike mapumziko anayostahili. Kumharakisha jike mdogo au aliyekonda ni ukatili.

Joto likirudi, jike hula, hujivua gamba, kisha hupandwa. Hutaga mayai 10 hadi 30, yenye ganda laini kama ngozi. Yai la kuku hugeuzwa. Hili la nyoka halipinduliwi, maana kiinitete kimeshajishika upande wa juu. Katika unyevu na nyuzi 28 hivi, huanguliwa baada ya siku 60 hivi.

Kitoto hakili mpaka kijivue gamba mara ya kwanza. Vingine hukataa kabisa kichanga cha panya, kwa kuwa porini huanzia kwa mijusi. Mfugaji hukipaka kichanga harufu ya mjusi, akasubiri, akajaribu tena.

Watoto wanaobaki bila mnunuzi wasiachiliwe porini kamwe. Kisiwani Grand Cayman, ambako hawakuwapo zamani, nyoka hawa sasa wanazaliana porini.