Mwanana si Pambo la Upepo

Nikiwa mazoezi ya kufundisha Sepuka, kidato cha pili waliniuliza: "Mwalimu, upepo mwanana ndiyo upepo gani?" Nikajibu harakaharaka kwamba ni upepo tu, kwa lugha ya kishairi. Wiki iliyofuata dogo mmoja akaandika kwenye insha: "Upepo mwanana uliezua bati la jikoni." Nikamkata alama. Kumbe aliyechemka ni mimi.

Neno lenyewe ni kivumishi, -anana: laini, tulivu, pole. Mwanzo wake hufuata ngeli, ndiyo maana tunasema upepo mwanana lakini maji manana. Kwa hiyo usilikate humo ukadhani umepata "mwana".

Nilirudi darasani na mfano wa vitabuni, jioni ya ufukweni na minazi. Wakanitazama tu. Upepo wanaoujua wao wakati wa kiangazi unakuja na vumbi, unafumba macho! Nikabadilisha: mkipepeta mtama mnasubiri upepo gani? "Ule wa taratibu, unaopeleka makapi unaacha punje." Haijakamilika, maana mwanana huburudisha pia, ila inalishinda jibu langu.

Yule dogo nilimrudishia alama yake. Sentensi aliiandika upya: upepo mkali.